Maneno Niliyoyaosha

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza leo, mvua nayo imeanza leo, na vyote viwili vimenikuta sina mwavuli. Huu ndio mwaka wangu wa pili wa Uzamili wa Ujenzi wa Amani na Utatuzi wa Migogoro, na sasa tumefikia kazi ya vitendo. Kila mwanafunzi atafute mgogoro wa kweli wa watu wa kweli, ausuluhishe, na kufikia tarehe 14 Mei arudishe fomu yenye sahihi za pande zote mbili. Huna fomu, hujafaulu. Niliacha kufundisha jiografia baada ya miaka kumi na moja ili nije kusoma amani, kwa hiyo niliitazama fomu ile nikajiambia hiki ni kitu kidogo.

Mhadhiri wetu wa usuluhishi ni mama mwembamba ambaye hajawahi kupandisha sauti. Kanuni yake ya leo: msuluhishi hapitishi sumu. Mtu akikupa neno chafu umpelekee mwenzake, lioshe kwanza. Ondoa tusi, ondoa kejeli, bakiza haja yake. Nimeipenda sana hiyo. Nimeipigia mstari mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Nyumbani kwetu migogoro haitafutwi. Nyumba ya marehemu babu imekatwa katikati kwa ukuta mmoja. Upande huu tunakaa mimi na Mama, mkunga mstaafu. Upande ule anakaa Mama Mkubwa, dada yake, aliyekuwa opereta wa simu mpaka mitambo ilipobadilishwa. Alifiwa na mumewe miaka sita iliyopita, akarudi hapa. Milango yetu inatokea kibaraza kimoja, na kutoka mlango hadi mlango ni hatua tano. Nimezihesabu, maana mimi ndiye ninayezitembea.

Tangu Desemba hawasemeshani. Mama Mkubwa alimwita fundi amtengenezee gata la paa, na fundi yule, Mungu amsamehe, akaligeuza likawa linamwaga maji mbele ya mlango wa jiko letu. Mama akatoka na ufagio, akasema mbele ya fundi: "Nyumba hii usijifanye mwenyewe. Wewe ulirudi tu." Mama Mkubwa akaingia ndani, akafunga mlango. Basi, ndiyo mpaka leo.

Tangu hapo mimi ndiye ninayebeba maneno. Asubuhi hii Mama aliniambia, "Mwambie maji yake yameingia jikoni kwangu tena. Mwambie kama anataka kuniua kwa nimonia aseme, nijiandae."

Nikatembea hatua tano. Nikakumbuka kanuni. Nikasema, "Mama Mkubwa, Mama anaomba gata liangaliwe."

"Anaomba?" Akavua miwani. "Huyo toka tuzaliwe hajaomba. Mwambie gata hutengenezwa na mwenye nyumba, si mgeni."

Nikarudi. "Mama Mkubwa anasema mtakubaliana nani alitengeneze."

Mama akabaki ananitazama na mwiko mkononi. Mimi nilijisikia mtaalamu kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Soksi mbili hazijakauka tangu Jumatatu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepata mgogoro wangu wa vitendo! Mtaa wa nyuma kuna fundi wa kuchomelea vyuma, na amepakana na shule ya chekechea. Yeye anakata vyuma saa ile ile watoto wanapolazwa mchana. Mwalimu wa chekechea ameshampelekea barua tatu. Kila mmoja nimemhoji peke yake, saa moja na nusu. Nimechora mchoro wa mgogoro kwa kalamu za rangi nne. Kikao cha pamoja ni Jumatano.

Jumatano, 20 Machi

Sitaki hata kuandika. Nimefika na fomu zangu, viti vyangu viwili vya kukunja nilivyobeba kwenye mvua, na kikohozi. Namkuta fundi anabembeleza mtoto wa chekechea aliyegoma kulala, mwalimu anacheka.

"Ah, dada, yameisha," fundi akaniambia. "Sasa hivi nakata vyuma watoto wakishaondoka."

"Yameisha vipi?"

"Tulizungumza tu."

Walizungumza tu! Bila mchakato, bila kanuni za kikao, bila mimi! Nikawaomba angalau wanitilie sahihi. Mwalimu akauliza fomu inasema nini, nikamsomea: "Sisi tuliosuluhishwa na msuluhishi aliyetajwa hapo chini." Akasema, "Lakini wewe hujatusuluhisha." Mwalimu wa watoto wa miaka minne, na kanibana kisawasawa. Nikafunga viti vyangu nikaondoka.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemweleza mhadhiri. Nikamwomba nitumie mgogoro wa nyumbani, wa Mama na Mama Mkubwa. Akakunja uso. "Ndugu ni wagumu kuliko majeshi," akasema. "Jaribu. Ila usiwaburute kwa sababu ya fomu."

Nani anaburuta? Mimi namsaidia mama yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Kazi ya kikundi kuhusu maafikiano imesimama, kwa sababu hatujaafikiana jina la nani lianze. Mwenzetu mmoja tunamwita Ajenda, maana hawezi hata kwenda msalani bila kutangaza. Leo ametangaza kwamba amekasirika. Akatoka. Wasuluhishi wanne tukabaki tunatazamana kama kuku kwenye mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Kikao cha pamoja wamekataa wote wawili. Mama: "Nikakae naye nimtazame nini?" Mama Mkubwa: "Mdogo wangu anajua mlango wangu ulipo. Hajapofuka."

Kwa hiyo tunafanya vikao vya pembeni, ndiyo kusema ninatembea. Leo nimevuka kibaraza mara kumi na nne. Mama Mkubwa ananiita Balozi. "Karibu, Balozi. Leo serikali yako inasemaje?"

Jumanne, 2 Aprili

Leo nilidhani nimeshika jambo. Mama, huku anachambua mchele, bila kuniangalia, akasema, "Mpelekee shikamoo yangu."

Jamani, nilikaribia kuruka! Mdogo kumwamkia mkubwa wake, baada ya miezi minne! Nikavuka mbio, nikakanyaga dimbwi la gata, sikujali.

Mama Mkubwa akaisikiliza, akaweka kikombe chini. "Shikamoo haitumwi na mtoto kama kibakuli cha chumvi. Mwambie hivyo. Anavunjika mguu akija kuisema mwenyewe?"

Sasa hilo ningelipeleka vipi? Lingeharibu kila kitu. Nikaliosha, nikaliosha, likabaki dogo kabisa. "Ameipokea, Mama."

"Kaipokea?" Mama akaacha mchele. "Na marahaba yangu iko wapi?"

"Ameipokea tu."

Akarudi kuchambua. Hakusema tena mpaka jioni. Nadhani alikuwa anatafakari. Kwenye ripoti nimeandika: *dalili za awali za kuaminiana*.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Ukuta wa jikoni umeanza kuota ukungu. Ajenda amerudi kwenye kikundi kwa masharti manane.

Jumanne, 16 Aprili

Leo ni siku mbaya na nina hasira na kila mtu.

Asubuhi Mama Mkubwa aliniita ndani. Sanduku lake la bati liko juu ya kitanda, limefunguliwa. Anakunja nguo. "Balozi, nenda kamwambie mama yako mgeni wake anaondoka. Nakwenda kwa mwanangu. Tarehe kumi na moja mwezi ujao atatuma lori."

Nikaduwaa. Mwanawe anakaa mbali, siku nzima kwa gari, vyumba viwili na watoto wanne. Mama Mkubwa ana miaka sabini na moja. Akienda huko harudi, tunajua wote. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, hebu tulizungumze." Akasema, "Nimekutuma, nenda."

Nikamwambia Mama: "Mama Mkubwa ameamua kwenda kukaa na mwanawe kwa muda."

Sufuria ikamtoka mkononi. "Aende!" akapiga kelele. "Aende zake! Miaka sita nakisikia kikohozi chake ukutani, nikikisikia ndiyo najua yupo, ndiyo napata usingizi. Sasa nitasikiliza nini, panya? Aende! Amenichoka, aende!" Akakaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga. Sijapata kumwona mama yangu analia tangu msiba wa baba.

Nikavuka. Nikasimama mlangoni kwa Mama Mkubwa na yale maneno yote kichwani: aende, amenichoka, panya. Ningemwambiaje mtu mzima maneno kama hayo? Nikasema, "Mama anaheshimu uamuzi wako."

Mama Mkubwa alikuwa ameshika sweta la marehemu mumewe. "Anaheshimu," akasema. Akalikunja mara mbili, akaliweka sandukuni, akalisawazisha kwa kiganja. "Basi. Ahsante, Balozi."

Na mimi, eti, nilitoka nimefarijika kwamba hawakugombana.

Jumatatu, 22 Aprili

Binamu yangu, mtoto wa Mama Mkubwa, amepiga simu. "Mama kaniambia mmeshakubaliana vizuri tu," akasema. Halafu akauliza, "Kweli mnakubali aondoke?" Nikamwambia mchakato unaendelea. Akasema, "Dada, mimi nimekuuliza swali la kawaida."

Jumanne, 30 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Gata linamwaga, Mama anafagia maji, anafagia, halafu anasimama anatazama mlango wa pili. Nimemwuliza kama ana ujumbe wowote. "Huna kazi ya kufanya?" akaniuliza.

Jumatatu, 6 Mei

Nimewasilisha rasimu ya ripoti, kurasa ishirini na mbili. Haina sahihi bado, lakini hali ni tulivu. Nimeandika: *pande zote mbili zimeonyesha ukomavu mkubwa*.

Jumatano, 8 Mei

Mhadhiri ameniita ofisini kwake. Ripoti yangu iko mezani na wino mwekundu ni mahali pamoja tu, ukurasa wa kwanza. Ameandika: *Nani amekasirika hapa?*

"Nimesoma yote," akasema. "Mmoja anaomba. Mwingine anapokea. Mmoja ameamua, mwingine anaheshimu. Watu waungwana kabisa. Sasa kwa nini mmoja anahama?"

Nikaanza kumweleza kuhusu gata. Akanyoosha mkono. "Hayo ni maneno yao?"

"Nimeyaosha, kama ulivyotufundisha."

"Nilisema uondoe sumu ubakize haja. Haja zao ziko wapi?" Nikafungua ripoti. Nikatafuta. Akaningoja, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kugombezwa. Halafu akasema, "Maneno yenyewe uliyaandika popote?"

Niliyaandika humu.

Nimekaa kwenye benchi nje ya maktaba nikasoma daftari hili tangu Machi. Haki ya nani, nimejichukia. Mama alisema hawezi kulala bila kusikia kikohozi cha dada yake, mimi nikasema anaheshimu. Mama Mkubwa alisema njoo mwenyewe uniamkie, mimi nikasema ameipokea. Mmoja alikuwa anabembeleza na mwingine alikuwa anaita, kwa ukali wao ule ule wa siku zote, na katikati nimesimama mimi na shahada yangu, nasugua mpaka hakuna kilichobaki. Mama Mkubwa anaondoka kwa sababu anadhani hakuna aliyelia. Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeanza na Mama. Nikamwambia kila kitu, shikamoo na yote. Alikuwa anakata kitunguu. Kisu kikasimama.

"Ulimwambia naheshimu? Mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ulinisikia nikisema naheshimu?"

"Hapana."

Basi alinitolea uvivu. Kwamba alinisomesha mpaka hapa nije kumtia maneno ya kizungu kinywani. Kwamba hata redio mbovu inasema kile inachosikia. Kwamba nimemfanya aonekane mtu mkavu mbele ya dada yake wa damu. Nikasubiri amalize, nikasema, "Twende ukamwambie, Mama. Sasa hivi. Ni hatua tano."

Akarudi kwenye kitunguu. "Kashafunga mizigo," akasema. "Na mimi ndiye niliyemwambia alirudi tu. Nitaanzia wapi?"

Miaka miwili ya masomo, na pa kuanzia hatukufundishwa.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwa Mama Mkubwa na daftari hili. Chumba kimebaki kitanda, sanduku na kiti kimoja. Nikaungama.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Soma," akasema. Nikasoma. Nimonia nikasoma, panya nikasoma. Nilipofika kwenye kikohozi akaniambia rudia hapo. Nikarudia.

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi nimeunganisha watu simu miaka ishirini na nane. Wagonjwa, wachumba, watu wanaodaiana, wote. Unajua kazi ya opereta? Unaingiza waya, ukisikia 'haloo' na 'haloo', unatoka. Hukai pale katikati ukawasemea. Ungefukuzwa kazi siku hiyo hiyo."

"Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Nimekusamehe. Nipe hiyo kamba."

Nikampa, nikidhani anataka kufungua mzigo. Akafunga godoro.

"Mama Mkubwa! Si umesikia alichosema?"

"Nimekusikia wewe ukisoma," akasema. "Yeye sijamsikia."

Nimetoka pale nataka kupiga kichwa ukutani, ule ule ukuta. Wazee hawa! Mmoja hajui aanzie wapi, mwingine hapokei kilichotumwa. Na sitabeba tena. Nimeapa.

Jumamosi, 11 Mei

Lori lilifika saa tatu asubuhi na mvua kubwa. Dereva, mtu mnene mwenye haraka, akarudisha lori nyuma mpaka ukingo wa kibaraza, akashusha ubao wa nyuma. "Haya, mama, tuanze na nini?" Mama Mkubwa alikuwa amekaa juu ya sanduku lake mlangoni, amevaa koti, mkoba mapajani. Akasema, "Anza na godoro."

Mimi nilisimama katikati ya kibaraza, mahali pangu pa siku zote, nikatazama mlango wetu. Umefungwa. Godoro likapita. Kiti kikapita. Nikataka kwenda kugonga, miguu yenyewe ilikuwa inaondoka. Nikajizuia, nikashika nguzo. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama.

Mlango ukafunguka. Mama katoka na ndala na kanga ya jikoni, kichwa wazi, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Akapita chini ya gata. Maji yote yakammwagikia kichwani, akapita tu. Akanipita na mimi bila kuniona. Akafika mbele ya sanduku, anachuruzika, akasema, "Shikamoo, dada."

Dereva akarudi ananyoosha mikono. "Mama, hilo sanduku ndiyo la mwisho? Tupakie?"

"Hebu subiri, baba," Mama Mkubwa akasema. "Ninaamkiwa." Akamtazama mdogo wake kuanzia kichwa kilicholowa mpaka ndala. "Marahaba."

Nikadhani sasa watakumbatiana. Wapi!

"Ulisema mimi nilirudi tu!"

"Nilisema! Nilikuwa na hasira, jiko limejaa maji!"

"Mbele ya fundi!"

"Mbele ya fundi, ndiyo, na lile gata kalifunga kama kipofu, na wewe ukamsifia!"

"Miezi mitano hujanivukia!"

"Na wewe ungevuka, ungevunjika? Nakusikia unakohoa huko, sijui umekunywa dawa, sijui hujanywa! Unataka kwenda kukohoa kwa watu? Nani atakusikia? Hapa ndiyo kwenu! Ulizaliwa chumba hicho hicho, na mimi nimezaliwa hicho hicho, umerudi kwenu!"

Mama Mkubwa akainuka juu ya sanduku. "Basi ungesema hivyo."

"Nimesema sasa!"

"Umechelewa!"

Nilishindwa kujizuia, kusema kweli. Ni mazoea. Nikapiga hatua nikasema, "Ninachokisikia hapa, kwa pande zote mbili, ni kwamba..."

"Nyamaza!" wakasema wote kwa pamoja. Mama Mkubwa akaongeza, "Tunaongea."

Nikamwambia dereva anisaidie kushusha godoro kabla halijalowa. Akauliza nani ameamua. Nikamwambia sijui, wewe shusha. Walikuwa bado wanagombana alipoondoa lori, sasa wamefikia mambo ya utotoni, nani alivunja kioo cha bibi. Mimi nilijificha jikoni, nikalia mpaka kamasi zikanitoka.

Jumapili, 12 Mei

Bado wanagombana. Kuhusu gata. Mvua.

Jumanne, 14 Mei

Fomu ilikuwa irudishwe leo. Jana usiku niliiacha mezani, tupu, nikijua nimeshafeli. Asubuhi nikaikuta imejazwa kwa mwandiko wa Mama Mkubwa, ule wa opereta, herufi zimesimama wima.

Kwenye Upande wa Kwanza wametia sahihi wote wawili, moja chini ya nyingine. Kwenye Upande wa Pili wameandika jina langu kamili, na nafasi ya sahihi wameiacha. Mambo yaliyokubaliwa: *Upande wa Pili hatabeba tena neno la mtu yeyote katika nyumba hii. Pia atamtafuta fundi wa gata.* Kwenye mstari wa msuluhishi wameandika: *Hakuna*.

Mhadhiri aliisoma mara mbili. Akaniambia itabidi nirudie kazi ya vitendo muhula ujao. Halafu akaomba nimtolee nakala, akaibandika juu ya meza yake.

Nimerudi saa kumi, nimelowa. Nimetia sahihi yangu kwenye ile fomu yenyewe, tuliyobaki nayo nyumbani. Ng'ambo ya ukuta Mama Mkubwa amekohoa, na Mama, akiwa kwenye sufuria zake, akapaza sauti, "Dawa umekunywa?"

"Niache!" ukuta ukajibu.

"Nimekuuliza umekunywa?"

"Nimekunywa!"

Leo siku nzima hakuna aliyenituma neno.